China: Ushawishi Wake wa Kidiplomasia, Kama Uonekanavyo Morogoro na Uluguru

Kupanda kwa sauti ya China katika mabaraza ya dunia ni habari ambayo aghalabu husimuliwa kutoka Beijing au New York, lakini sehemu yake kubwa yaweza kusomwa katika Mkoa wa Morogoro. Huko dola hiyo ilianza, tangu miaka ya 1970, kutafuta marafiki kwa kujenga reli, na huko ilirejea baada ya miaka 40 ikiwa na mbegu na wataalamu wa kilimo. Milima ya Uluguru imesimama kati ya kazi hizo mbili: kusini, penye stesheni ya Kisaki, hupita TAZARA, yaani Reli ya Tanzania na Zambia; kaskazini, katika uwanda wa Mto Wami, kipo kituo cha kilimo cha Dakawa.

Mwalimu Julius Nyerere alizuru Beijing mwezi Februari 1965 na kutia sahihi mkataba wa urafiki. Mwezi Juni mwaka ule ule Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Kabla mwaka haujaisha, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita katika nchi hiyo kwenda baharini, ikajikuta imeshikwa koo. Dola za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimeiona reli ya kwenda Dar es Salaam kuwa haina faida. China, ilhali yenyewe ikali maskini, ikakubali, na maafikiano yakafikiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Karadha ilikuwa takriban yuani milioni 988, isiyo na riba, ya kulipwa kwa miaka 30. Kazi ilianza Oktoba 1970, na njia yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976.

Ndani ya Morogoro reli hii hukata bonde la Kilombero, ikapita Mang'ula, ambako Wachina walijenga karakana ya vyuma, na Ifakara, hata ikafika Mlimba, na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwani kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako yalihitajiwa mahandaki 18 na madaraja 46 katika masafa ya kilomita zisizotimia 160. Fedha za mishahara na matumizi ya humu nchini zilipatikana kwa kuuza bidhaa za China madukani, hivi kwamba mnunuzi wa kitambaa au sufuria alikuwa, pengine bila kujua, akichangia ujenzi wa reli. Wachina zaidi ya 60 waliokufa katika utumishi huo wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na viongozi wa nchi yao wazurupo Tanzania huenda kuweka mashada hapo. Kwa taifa liwatukuzalo wahenga wake, kaburi ni hoja ya kidiplomasia isiyohitaji mkalimani.

Mavuno ya siasa hayakukawia. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirejeshea Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyoleta azimio hilo. Balozi wake huko, Salim Ahmed Salim, alikuwa amepata kuiwakilisha nchi yake Beijing. Mwaka 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, Marekani ilimpinga kwa kura ya turufu, nayo China ikamzuia Kurt Waldheim mara 16, hata wote wawili wakakosa. Hata hivyo, asemaye kwamba kura ya Tanzania ilinunuliwa kwa reli hujisahaulisha tarehe: Tanganyika iliitambua Beijing tangu Desemba 1961, kabla reli hiyo haijaahidiwa na mtu yeyote.

Awamu ya pili ilikuja kwa jembe. Kituo cha mafunzo ya kilimo cha Dakawa kilifunguliwa mwaka 2011, kikiendeshwa na kampuni ya mbegu ya Chongqing, jirani na taasisi iitwayo Chollima, jina lililoachwa na Wakorea wa Kaskazini waliotangulia. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kilimo cha China kilianza kazi katika kijiji cha Peapea, Kilosa, kikishirikiana baadaye na Chuo Kikuu cha Sokoine: mahindi yapandwe kwa nafasi ya karibu zaidi na kupaliliwa kwa wakati, bila mashine wala gharama kubwa. Njia hii ya kuonyesha shambani yafaa ilinganishwe na ile ya Waingereza, walioshurutisha Waluguru kuchimba matuta milimani hata zikazuka ghasia za Matombo mwaka 1955. Mashamba ya mkonge ya Rudewa, yaliyo mikononi mwa shirika la China tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ni jambo jingine. Hayo ni biashara, wala hayastahili kuhesabiwa kuwa hisani.

Xi Jinping alipokuwa rais aliichagua Dar es Salaam, Machi 2013, kuwa kituo chake cha kwanza Afrika. Mwaka 2022 chama chake kilikamilisha Kibaha shule ya uongozi yenye jina la Mwalimu, kwa ajili ya vyama sita vilivyopigania uhuru Kusini mwa Afrika. Lakini Tanzania haijajifungia kwa rafiki mmoja: reli mpya ya umeme ifikayo mjini Morogoro, chini ya Uluguru, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, imejengwa na kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, ilhali kipande cha Mwanza hadi Isaka walipewa Wachina. Mwezi Septemba 2024 hati ya kuihuisha TAZARA ilitiwa sahihi Beijing, wakati Marekani na Ulaya zikigharimia njia ya Lobito, Angola, ili shaba ile ile ya Zambia na Kongo itoke kwa upande wa Atlantiki.