Shingo, Damu na Ubongo: Habari ya Malale Kasongo na Kabambare

Tarehe 27 Februari 1905, katika mji wa Kasongo, uliopata fahari yake zama za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alifariki dunia tabibu wa Kiingereza Joseph Everett Dutton, naye ana umri wa miaka 30, kwa homa ya papasi, maradhi yale yale ambayo yeye na mwenzake John Todd wa Kanada walikuwa wameyachunguza Stanley Falls, Kisangani ya leo.

Hata hivyo, kilichowaleta Kongo mwaka 1903, kwa amri ya chuo cha matibabu cha Liverpool, kilikuwa malale. Dutton ndiye aliyekwisha kukitambua kijidudu chake katika damu ya mgonjwa huko Gambia; na katika safari hii walibainisha kwamba vidole vikipapasa tezi za shingo huweza kumgundua mgonjwa angali anatembea na kulima.

Kijidudu hicho, kiingizwacho mwilini na mbung'o wa kandokando ya mito, hukaa katika damu na tezi kwa miezi au miaka, kisha huvuka kizuizi kitenganishacho damu na ubongo. Tabibu Frederick Mott wa London, alipotazama kwa hadubini bongo za marehemu wa malale, aliona chembe zimezizunguka tele tele kuta za mishipa midogo ya damu: huo ndio uvimbe unaomfanya mtu asinzie mchana na tonge mkononi, na usiku akeshe. Presha nayo, ambayo siku hizi twaisikia zaidi, ijapokuwa haina kijidudu, huziumiza kuta hizo hizo kwa miaka mingi, ikaamsha uvimbe na kukilegeza kizuizi hicho, hata kumbukumbu ikapungua au kiharusi kikaja.

Maarifa ya shingo, kwa bahati mbaya, yaligeuzwa kuwa adha: serikali ya kikoloni ya Kongo iliwazuia wasafiri njiani wapapaswe, na waliokutwa na tezi zilizovimba wakatengwa katika lazareti, ambako wengi hawakutoka wazima, ndipo watu wakajifunza kuikimbia mikono ya tabibu. Hata dawa ya melarsoprol iliyokuja baadaye, yenye asili ya sumu ya zarniki, iliua kiasi cha wagonjwa 5 katika kila 100, kwa kuuvimbisha ubongo wenyewe.

Mambo sasa yamebadilika. Mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000. Mwaka 2018 Afrika nzima haikufikisha 1,000, na mwaka huo huo ikaidhinishwa fexinidazole, vidonge vya siku 10, vilivyojaribiwa zaidi hapa Kongo. Lakini malale hayajatoka Maniema ya kusini, na uchache wake ndio unaotusahaulisha. Basi, enyi ndugu wa Kasongo na Kabambare, kikosi cha kupima malale kikifika kijijini msikimbilie mashambani: toeni kidole kitobolewe na shingo ipapaswe, kwa kuwa mlango uliowapeleka babu zetu lazareti leo wapeleka kwenye dawa.