Gari la Lumuma na kelele zake



Msimu wa vitunguu uliopita nilikwenda Lumuma, kule Kilosa upande wa mpakani na Mpwapwa. Nilitumwa kuandika habari za bei ya gunia. Nikarudi na habari ya ekzosi.

Ilikuwa hivi. Nimekaa kwenye benchi la mama lishe, nasubiri chai, ghafla nikasikia mlio kama wa mashine ya kusaga iliyotoroka kinuni. Kuku wakatawanyika na mtoto akaanza kulia. Kisha likatokea gari, kama naruhusiwa kuliita hivyo: injini ya pawatila ya silinda moja, ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokufa zamani, chesisi ya vyuma vilivyochomelewa kwa mkono, na bodi ya mbao nyuma. Dereva ndiye mwenye gari, na mwenye gari ndiye fundi. Jina lake nalihifadhi.

Kijana huyu ametia humo akiba ya misimu mitatu ya vitunguu. Anataka kubeba mizigo ya majirani kwa bei ambayo mkulima mdogo anaimudu, maana huku lori likikosekana kitunguu kinaozea shambani. Alilipeleka gari likaguliwe, akarudishwa na orodha ya kasoro. Taa ya breki aliirekebisha. Vioo alivifunga. Kelele ikamshinda.

"Kaka mwandishi," akaniambia, "wewe umesoma. Hebu nitafutie, wenzetu walifanyaje?"

Nikamwahidi. Nilidhani nitapata jibu la mistari miwili, kumbe swali lake lina umri wa zaidi ya miaka mia moja na ishirini.

Mwaka 1896, katika mji wa Columbus, jimbo la Indiana kule Marekani, ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves, waliunda gari lao. Hawakuwa na kiwanda cha magari. Kazi yao ilikuwa kutengeneza puli za mashine, na Milton alikuwa na ujuzi wa mikanda ya kubadilisha mwendo. Gari likatembea, ila lilikuwa na tatizo lile lile la Lumuma: makelele. Barabara za wakati ule zilikuwa za farasi, na farasi akishtuka anapindua mkokoteni na kuua watu. Unaweza kuwa na gari zuri namna gani, kama kila ukipita watu wanakulaani huna gari.

Ndugu hawa wakarudi karakana, na mwaka 1897 wakapewa hataza ya kifaa cha kupunguza mlio wa injini. Hiyo ni moja ya sailensa za kwanza kabisa za magari kusajiliwa duniani. Naomba tuitazame vizuri tarehe hiyo. Henry Ford alikuwa bado hajaanzisha kampuni yake, aliianzisha mwaka 1903. Kwa hiyo sailensa haikusubiri viwanda vikubwa. Ilitoka kwa watu waliounda gari lao wenyewe wakagundua kwamba majirani nao wana haki.

(Milton hakuishia hapo. Mwaka 1911 alitoa gari la magurudumu manane, akidai linapunguza mitikisiko. Halikupata wateja. Si kila wazo la fundi huzaa.)

Mtu wa pili ni Hiram Percy Maxim. Jina la Maxim linapaswa kutushtua sisi wa mkoa wa Morogoro. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni mwaka 1884 ile bunduki inayojifyatulia yenyewe, ambayo babu zetu waliiita bombomu. Silaha za namna hiyo ndizo zilizowafyeka wapiganaji wa Maji Maji mbele ya boma la Wajerumani pale Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905. Mzee Maxim mwenyewe alimaliza uzee wake akiwa kiziwi, masikio yameharibiwa na milio ya bunduki zake.

Mwanawe alipenda injini. Katika miaka ya 1890 alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha risasi kule Massachusetts, na jioni baada ya kazi alikuwa akiunda injini yake ya petroli. Akaifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Baadaye, mwaka 1909, akapata hataza ya sailensa ya bunduki, na kampuni yake ikaendelea kutengeneza sailensa za injini. Baba alileta mlio, mwana akatafuta namna ya kuunyamazisha.

Sasa kelele yenyewe inatoka wapi? Injini ikichoma mafuta, gesi hubaki kwenye silinda ikiwa na mgandamizo mkubwa. Vali ikifunguka, gesi ile hutoka kwa kishindo na kuipiga hewa kama kofi. Injini ya mipigo minne yenye silinda moja, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hupiga makofi 1,000 kwa dakika hiyo. Sailensa hufanya mambo mawili. Kwanza huipa gesi chumba kipana, ikatanuka na kupoa kabla ya kutoka nje, huku mawimbi ya sauti yakigonga kuta, yakarudi na kuuana yenyewe kwa yenyewe. Pili, kwa zile zenye bomba la matundu lililozungushiwa sufi isiyoungua, sauti humezwa na sufi.

Ila kuna mtego. Ukiziba mno, moshi unakosa pa kupita, injini inachemka na nguvu inakwisha. Madereva wa mwanzo walilijua hilo, ndiyo maana magari mengi ya miaka ya 1900 na 1910 yaliwekewa mlango wa kuruka sailensa: dereva akifika mlimani anaufungua, gari linapata pumzi. Wengi wakawa wanaufungua hata katikati ya mji, kwa sifa tu. Miji mingi ya Marekani ikapiga marufuku. Ukimwona kijana wa Dar anatoboa ekzosi ya bodaboda ili ilie kama risasi, usiseme ni utandawazi. Ni ugonjwa wa zamani sana.

Nilimpelekea fundi wangu hesabu moja. Bomba la sentimita nne likitobolewa matundu ya sentimita moja, matundu 16 ndiyo yanayolingana na mdomo wa bomba. Asipunguze hapo, azidishe. Kisha chumba kiwe kikubwa mara kadhaa kuliko ujazo wa silinda, na gasketi ya pale bomba linapoungana na injini isivuje, kwa sababu uvujaji huo ni kelele, na ni sumu kwa aliyekaa mbele.

Akatumia mtungi wa zamani wa gesi ya friji. Mara ya kwanza gari lilinyamaza lakini likagoma kupanda mlima. Akaongeza matundu. Mara ya pili alinipigia simu akiwa anaendesha, na nilimsikia anachosema. Hilo lilinitosha kama kipimo. Kikwazo cha kelele kimevukwa. Breki zinamsubiri, na hapo sina utani naye, breki ni roho za watu.

Mtu anaweza kusema haya yote yamepitwa na wakati. Makerere walijaribu Kiira EV yao mwaka 2011, na hapa kwetu Masoud Kipanya alionyesha gari lake la umeme mwaka 2022. Magari hayo hayana ekzosi kabisa. Lakini Ulaya, tangu Julai 2019, aina mpya za magari ya umeme lazima ziwekewe sauti zikitembea polepole, ili mtembea kwa miguu na kipofu wasigongwe. Kwa hiyo ukimya wenyewe haukuwa shabaha. Shabaha ni jirani: gari lisimtishe, wala lisimvizie.

Hapo ndipo ninapobaki na swali. Mkaguzi alifanya kazi yake, silaumu. Lakini kijana alirudishwa na neno moja, "kelele", bila mtu wa kumwonyesha matundu 16. Ujuzi huu uko duniani tangu 1897. Kutoka Columbus hadi Lumuma umechukua zaidi ya karne moja, na umefika kwa simu ya mwandishi aliyekwenda kuuliza bei ya vitunguu.

Tutafakari.