Kona ya maji bafuni kwa Bibi

Najua nimewatupa. Toka tufungue chuo sijaandika kitu, na juzi kantini kuna mtu kaniuliza kama nimeacha. Sijaacha. Likizo nzima nilikuwa Tanga na nyundo na patasi mkononi, na leo nawaletea historia ya bomba la bafuni. Ndiyo, bomba. Wale tunaosoma wote Historia msinicheke kabla hamjafika mwisho.

Mambo yalianza kwa Bibi. Mwaka jana aliteleza usiku akienda choo cha uani, akavunjika mkono. Nyumba zetu za zamani mnazijua, choo kiko mwisho kabisa wa ua, na taa yake inawaka siku ikijisikia. Wajomba wakachanga, wakaamua stoo iliyo ubavuni mwa chumba cha Bibi igeuzwe bafu: choo cha kukaa, sinki, shawa, tailizi mpaka kiunoni. Fundi akapatikana, kijana wa mtaa huohuo ambaye Bibi kamlea kama mjukuu. Nilipofika kazi imeisha, bafu linang'aa kama la hotelini. Ila Bibi bado anakwenda choo cha uani. Usiku. Na mkono wake uleule.

"Kule ndani kunanuka, mume wangu," akaniambia. "Nilale na choo kitandani?"

Na kweli kulikuwa kunanuka. Asubuhi kidogo, mchana jua likishika ndiyo usiseme. Tukamwita fundi. Akanusa, akasema choo cha ndani ndivyo kilivyo, ni mambo ya Wazungu na baridi yao, huku kwetu kwenye joto lazima kinuke, tununue dawa ya kupuliza.

Hapo kwenye "mambo ya Wazungu" ndipo historia iliponipanda kichwani. Nenda Gedi, kule karibu na Malindi, mji wa mawe ulioachwa na watu wake kabla ya karne ya 17 kwisha. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na ndani ya zile nyumba kukakutwa vyoo vya shimo na mahali pa kutawadhia, humohumo ndani, vimejengwa kwa mawe na chokaa. Na Unguja Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi, na hamamu aliyojengesha imeuachia mtaa wa Hamamni jina lake mpaka leo. Kwa hiyo fundi wangu, kuoga na kujisaidia ndani ya nyumba mwambao haukufundishwa na mtu.

Lakini nikiwa mkweli, vyoo vya Gedi havikujibu swali la Bibi. Lile ni tundu linaloshuka shimoni, na harufu inapanda palepale. Jibu lake lilitoka London, na aliyelitoa alikuwa fundi saa.

Anaitwa Alexander Cumming, Mskoti, duka lake lilikuwa Bond Street. Mwaka 1775 alipata hataza ya choo cha maji, na ndani yake kuna kitu kimoja kilichobadili nyumba za dunia nzima: bomba la chini ya choo alilikunja, likawa kama herufi S. Basi. Ukimwaga maji yanapita, ila ya mwisho mwisho yanabaki kwenye ule mkunjo. Hayo maji yaliyobaki ndiyo mlango. Uchafu unapita kwenda chini, hewa ya shimoni haiwezi kurudi juu. Kilango hakina bawaba wala kufuli, na hakichakai. Watu wanapenda kumpa sifa zote Thomas Crapper kwa sababu ya jina lake, lakini Crapper alizaliwa miaka ya 1830, huku Cumming ameshamaliza kazi yake zamani. (Nimeshabishana na watu wawili bwenini kwa hili. Nimeshinda.)

Kosa la London ni kwamba waliingiza choo ndani bila kufikiria mwisho wa bomba. Maji ya vyoo yakaenda mto Thames, na Thames ndio huohuo waliokunywa. Kipindupindu kikawaua maelfu. Kiangazi cha 1858 mto ulinuka mpaka mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa ya chokaa ili waheshimiwa wapumue, na ni hapo ndipo pesa zilipopatikana haraka! Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi. Mwaka 1865 aliyekuja kufungua rasmi kituo cha pampu za mifereji hiyo pale Crossness alikuwa mtoto wa Malkia Victoria, Prince Edward.

Mshikeni huyo Edward. Mwaka 1871 alialikwa kwenye jumba moja la kitajiri Scarborough, linaitwa Londesborough Lodge. Aliporudi akaugua homa ya matumbo, akakaribia kufa, miaka kumi tu baada ya baba yake kufariki. Yeye alipona. Lord Chesterfield aliyekuwa mgeni mwenzake alikufa, na mtunza farasi wa Edward naye akafa. Lawama zikaangukia mabomba ya maji taka ya lile jumba, na nchi nzima ikashikwa na hofu. Matajiri wakaanza kuita mafundi waje wachungulie chini ya masinki yao.

Hofu ile iliwafanya watu wajali kitu ambacho Cumming peke yake asingekimaliza. Maji mengi yakishuka kwa kishindo kwenye bomba yanavuta hewa nyuma yake, na mvuto huo unaweza kufyonza hata yale maji ya kwenye mkunjo. Mlango unabaki wazi na mwenye nyumba hana habari. Dawa yake ni bomba la hewa linalopanda mpaka juu ya paa, ili maji yakivuta, yavute hewa ya nje na si maji ya mlangoni. Kwa hiyo vitu ni viwili, kona ya maji na bomba la hewa, na ukiacha kimoja umejidanganya.

Sasa hapa naomba niwe mkweli kama mwalimu mtarajiwa. Sababu waliyoitoa wakati ule ilikuwa mbovu. Waliamini harufu yenyewe ndiyo inaleta homa ya matumbo, na leo tunajua inaletwa na vijidudu vilivyoingia kwenye chakula na maji. Walitengeneza kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Ningeishia hapo ningesema basi, kona ya maji ni kwa ajili ya pua tu, Bibi anunuliwe ile dawa ya kupuliza.

Lakini kuna Hong Kong, 2003. Mtaa wa maghorofa unaitwa Amoy Gardens, majengo ya ghorofa zaidi ya 30. Mwezi Machi mwaka ule mgonjwa wa SARS aliyekuwa anaharisha alimtembelea ndugu yake katika jengo E na kutumia choo. Wiki chache baadaye watu zaidi ya 300 wa mtaa ule walikuwa wameugua, na 42 walikufa. Wachunguzi walipoingia mabafuni wakaangalia tundu la sakafuni, lile la kupitishia maji ya kuogea. Lilikuwa na kona ya maji kama kawaida. Ila wakazi wengi walikuwa wakipiga deki kwa tambara tu, hawamwagi maji sakafuni, kwa hiyo kona zilikuwa zimekauka. Ukiwasha feni ya kutolea hewa bafuni, inavuta hewa ya bomba la maji taka la jengo zima kupitia tundu kavu, pamoja na matone yenye virusi. Miaka 132 baada ya Scarborough, bomba likaua kweli.

Nilisoma hayo kwenye simu saa tano usiku, nimekaa kibarazani kwa Bibi. Nikainuka palepale nikaenda bafuni. Choo chenyewe kina maji yake, sawa. Sinki lina trapu yake, sawa. Nikang'oa kifuniko cha tundu la sakafuni, nikamulika. Hakuna maji, hakuna kona. Paipu imenyooka kama rula mpaka kwenye shimo la maji taka.

Asubuhi nikamfuata fundi, nimejaa hasira na tarehe zangu zote. Akanisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akatoa daftari lake mfukoni, lile la hesabu za vifaa. Trapu ya sakafuni ilikuwemo. Bomba la hewa na paipu zake zilikuwemo. Zote zimekatwa kwa kalamu nyekundu, na mwandiko wa pembeni naufahamu, ni wa mjomba: "havina ulazima."

"Ungemwambia Bibi ukweli," nikamwambia.

"Nimwambie kwamba mwanawe kabana pesa za choo chake?" akanijibu. "Kaka, yule mama kanilea. Heri anione mimi ndiye mjinga."

Niliishiwa maneno. Mjomba naye nikimtazama simpati ubaya, alikuwa analipa ada za watoto wawili mwezi uleule, na trapu haionekani, tailizi zinaonekana.

Nilitoa fedha iliyobaki kwenye boom langu (ndiyo maana mnaniona nakula chipsi kavu, msiulize tena). Tukavunja tailizi nne, tukachimba zege siku mbili, tukaweka kona, na bomba la hewa tukalipandisha ukutani mpaka juu ya bati, mdomoni tukafunga wavu wa mbu. Fundi hakudai ufundi. Tailizi za rangi ileile hazikupatikana mji mzima, kwa hiyo nne za katikati ni za bluu. Mjomba alipozikuta akauliza kulikoni, fundi akamjibu kwamba alikosea vipimo.

Bibi nilimweleza habari ya kukauka tu, pamoja na wale watu wa jengo E. Hong Kong wanashauri kumwaga kama nusu lita kila tundu mara moja kwa wiki. Bibi anamwaga kopo zima kila usiku baada ya swala ya isha, na siku hizi choo cha uani kimebaki cha wajukuu. Usiku wa kabla sijasafiri nilimsikia anamwaga, kisha akaniita kupitia dirishani.

"Mume wangu, yule mgonjwa aliyekwenda kwa nduguye, alijua aliyoyaleta?"

Nikamwambia sijui, Bibi. Akazima taa.

Haya, nina semina saa mbili asubuhi na sijasoma hata ukurasa. Tuonane.