Mara Mbili kwa Urefu

Ukisimama asubuhi juu ya ukingo wa Menengai, msomaji, mji wa Nakuru u chini yako, na nyuma yake ziwa lang'aa kama kioo. Hapo ulipo hu mbali na mstari wa ikweta. Dunia yajizungusha kuelekea mashariki, na katika ikweta uso wake wenda mbio ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi irushwayo mashariki kutoka mahali kama hapo hupata msaada wa mwendo huo bila gharama. Mbona basi roketi kubwa zilizorushwa Kenya zilirushwa pwani, upande wa Malindi, ambako ni mbali na ikweta kuliko Nakuru? Liweke swali hilo moyoni. Tutalirudia baada ya kuzungumza habari za roketi ndogo za karatasi.

Mwaka 1954, katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, Marekani, alikuwako muuza viatu aitwaye Orville Carlisle, mpenzi wa fataki. Ndugu yake Robert alipenda ndege ndogo za mfano, naye alitaka chombo cha kuwaonyesha watu jinsi roketi inavyofanya kazi. Orville akamtengenezea roketi nyepesi yenye injini ndogo ya baruti. Ilipanda, ikafungua mwavuli, ikashuka salama, ikawa tayari kurushwa tena. Watu wachache tu waliijua.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, na vijana wengi wakashikwa na hamu ya kurusha roketi zao wenyewe. Walijaza mabomba ya chuma dawa za kuwaka walizozichanganya kwa mikono yao. Bomba la chuma likipasuka hugeuka kombora. Wako waliopoteza vidole, wako waliopoteza macho, na wako waliopoteza maisha. Harry Stine, aliyefanya kazi katika uwanja wa roketi wa White Sands, alikuwa amekwisha kuandika juu ya hatari hiyo. Carlisle aliyasoma maandishi yake, akampelekea roketi zake. Stine aliona mara moja kwamba dawa ya maradhi imepatikana: injini itengenezwe kiwandani na mafundi, na kijana ajenge kiwiliwili tu, kwa karatasi na mti mwepesi, bila chuma. Baadaye kidogo Vernon Estes aliunda mashine ya kutengeneza injini hizo kwa wingi, na katika miaka ya 1960 roketi za mfano zikaenea kwa maelfu ya watoto.

Watoto hao walikua, wakazeeka. Wengi wao wamerudi kwenye roketi walizozipenda utotoni, lakini sasa huzijenga upya kwa ukubwa mara mbili, mara tatu au zaidi, kila kipande wakikikata wenyewe. Huenda ukadhani kazi hiyo ni nyepesi: chukua vipimo vya zamani, vizidishe kwa mbili, kisha uanze kukata. Hapa ndipo wengi huteleza.

Fikiri kasha lenye urefu wa sentimita moja kila upande. Ukizidisha kila upande kwa mbili, eneo la uso wake huwa mara nne, lakini ujazo wake huwa mara nane. Galileo aliieleza kanuni hii mwaka 1638 alipoandika juu ya mifupa ya wanyama wakubwa na wadogo. Nawe waweza kuiona kwa macho yako katika mbuga ya Ziwa Nakuru: swala husimama juu ya miguu myembamba kama fimbo, na kifaru ana miguu minene kama magogo. Kifaru si swala aliyekuzwa.

Basi tuseme roketi ya zamani ina urefu wa sentimita 30 na uzito wa gramu 40. Ukikuza kila kipimo mara mbili, unene wa karatasi ukiwamo, urefu utakuwa sentimita 60, lakini uzito utakuwa gramu 320. Mwavuli wake ulikuwa na upana wa sentimita 30. Ukiufanya wa sentimita 60, nguo yake itakuwa mara nne ikibeba uzito mara nane, na roketi itashuka kwa kasi zaidi kuliko ile ndogo. Ili ishuke kwa mwendo ule ule, mwavuli wataka upana wa sentimita 85 hivi. Tena hewa ya Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kuliko hewa ya Malindi, na mwavuli ule ule hushuka huku kwa haraka zaidi kidogo.

Injini nazo hupangwa kwa herufi, na kila herufi yaweza kuwa na nguvu maradufu ya ile iliyotangulia. Nane ni mbili mara mbili mara mbili; kwa hiyo roketi iliyoruka kwa injini ya A yataka D. Lakini injini kubwa ni nzito, nayo hukaa mkiani. Uzito ukizidi nyuma, roketi hupinduka angani na kumrudia aliyeirusha. Kwa sababu hiyo mjenzi mwangalifu huifunga roketi yake kwa uzi pale inapolingana, akaizungusha kichwani pake. Ikielekeza pua mbele, ni salama. Ikiyumba, huongeza uzito puani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma na wenzake walisimamisha majukwaa baharini, katika Ghuba ya Ungwana. Mwaka 1964 walirusha kwanza roketi ndogo za kupima anga. Tarehe 26 Aprili 1967 walirusha setilaiti ya San Marco 2 kwa roketi ya Scout, yenye urefu wa mita 23 hivi na vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, Scout nyingine ilipeleka setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Hadi mwaka 1988, setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa kutoka hapo.

Kila Scout ilidondosha vipande vyake njiani, navyo vilianguka baharini. Kama ingalirushwa kutoka Nakuru kuelekea mashariki, chini yake zingalikuwa shamba za Bahati, nyumba za Ol Kalou na soko la Nyeri. Bonde la Ufa lina ikweta jirani, lakini lina watu. Broglio na muuza viatu wa Norfolk waliongozwa na sharti moja: kabla ya kuuliza roketi itapanda wapi, uliza itaangukia wapi, na nani amesimama hapo.

Siku moja, msomaji, huenda nawe ukataka kukuza roketi ya zamani. Baruti waachie mafundi, omba ruhusa kwa wenye mamlaka, tafuta uwanja mpana usio na watu, ukafanye hesabu yako mara mbili. Gramu 320 zikianguka kutoka juu bila mwavuli haziulizi mwenyewe alikuwa na nia gani.