Kamba Kwanza, Winchi Baadaye

Mwenye gari kuukuu ni kama mwenye nyumba ya makuti: kila msimu mvua humuuliza ametengeneza nini. Fedha haitoshi kwa yote, kwa hiyo swali si kipi kizuri, bali kipi kitangulie. Swali hilo nimelitafakari miaka mingi kwa ajili ya Land Rover yetu ya 109, Series III, tunayoitumia Mitole, huku bara ya Kilwa. Nimeona kwamba jibu lake halimo katika duka la vipuri peke yake. Limo pia katika historia ya njia zetu hizi.

Jina la Mitole limeandikwa katika habari za Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka Kilwa na kuingia bara. Mwishoni mwa mwaka huo kikosi cha Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, kilipita Mitole kikielekea milima ya Matumbi, na mwezi Desemba kikapigana Kibata. Waingereza walikuwa na magari, yakiwemo yale ya Ford, madogo na mepesi. Kiangazi yalifanya kazi. Lakini mvua za 1917 zilikuwa kubwa mno. Udongo wetu mweusi ukageuka uji, na mzigo ukarudi pale ulipotoka: kichwani mwa mpagazi.

Mpagazi alibeba kilo ishirini na tano hivi, mbali na sufuria yake na mkeka wake. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza tu walikaribia laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Dar es Salaam imetuachia kumbukumbu yao katika jina la Kariakoo, lililotokana na kambi ya hao wapagazi. Watu hununua vipuri pale kila siku, na ni wachache wanaokumbuka kwamba wanakanyaga ardhi ya watu waliobeba vita begani.

Upande wa Wajerumani mambo yalikuwa yale yale. Meli yao ya kivita Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaifanyia magurudumu. Mmoja ulivutwa hadi Kibata, kupanda milima ya Matumbi. Ulivutwa na watu, kwa kamba. Fikiri, ndugu msomaji: chuma kilichotengenezwa kukaa juu ya meli, kikapandishwa mlimani kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wapo wanaosimulia habari hiyo kwa kustaajabia ujanja wa Wajerumani. Mimi huiona kwa jicho jingine. Kila chombo kilichokwama katika nchi hii kilinasuliwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuulizwa kama anataka. Asiyebeba koleo lake hulipia safari kwa jasho la mwenzake. Basi vifaa vya kunasulia gari si mapambo ya mwenye gari. Ni heshima kwa watu wa kijiji atakaowagongea mlango usiku wa mvua.

Msimu mmoja ufuta ulipouzwa vizuri, ukoo wetu ulichanga fedha za kulitengeneza gari kabla ya masika. Gari hili halina starehe. Kazi yake ni magunia, mabati ya kuezekea, na mara kwa mara mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Kinyonga, Kivinje. Mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, alikuja na bei ya winchi ya umeme.

“Mjomba,” aliniambia, “tukiwa na winchi hatutaomba mtu.”

“Na breki je?” nikamuuliza.

“Breki zinashika ukipampu mara mbili.”

“Mwanangu, mama mwenye uchungu wa kuzaa hana nafasi ya kusubiri mara ya pili.”

Akanyamaza, tukaketi chini ya mwembe kupanga. Naandika hapa mpangilio wetu, pamoja na sababu zake.

La kwanza lilikuwa chesi. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Ndiyo maana gari kuukuu la aina hii huonekana zima kwa macho: bodi haishiki kutu. Lakini chesi ni chuma, na upepo wa chumvi wa pwani huila kimya kimya kutoka ndani. Fundi aliigonga kwa nyundo, pima kwa pima. Palipolia vizuri akapaacha. Palipotoa sauti ya debe bovu akakata na kuchomelea bamba jipya. Kufunga winchi juu ya chesi iliyooza ni kumfunga ng'ombe kwenye mti mkavu.

La pili lilikuwa breki na usukani, na la tatu, kupoza injini: rejeta, hosi na mkanda wa feni, pamoja na mkanda mmoja wa akiba chini ya kiti. Gari likwamapo katika tope huzungusha injini kwa nguvu bila kwenda, na hapo ndipo rejeta iliyoziba huua injini nzima.

La nne lilikuwa tairi, saizi 7.50-16, na pampu ya mkono. Hapa tuna somo kutoka mbali. Katika miaka ya 1920 afisa mmoja Mwingereza, Ralph Bagnold, alianza kuingia jangwani kutoka Misri kwa gari za Ford. Yeye na wenzake walijifunza kupunguza upepo wa tairi ili ikanyage mchanga kwa upana, na kutanguliza mabati ya chuma chini ya gurudumu linalozama. Ujuzi huo hauna gharama kubwa, ila unadai pampu: atoaye upepo lazima aweze kuurudisha.

La tano lilikuwa mahali pa kufungia kamba: kulabu mbili mbele na mbili nyuma, zilizokazwa kwa bolti kwenye chesi yenyewe, si kwenye bampa. Kamba inayokatika ikiwa imevutika huruka kama nyoka, na kulabu inayong'oka huua. Kwa hiyo tukaweka sheria: blanketi au gunia bichi juu ya kamba, na watoto wote mbali.

Ndipo vikafuata vifaa vyenyewe: kamba nene na ndefu, koleo mbili, panga, jeki, na ubao mpana wa kuwekwa chini ya jeki isizame. Tukaongeza vipande viwili vya bati nene. Winchi tukaiweka mwisho. Si kwamba ni kifaa kibaya, lakini huzilemea springi za mbele, hunyonya betri, na hudai mti au jiwe la kushikilia.

Mtu ataniuliza, haya yote ya nini siku hizi za lami? Ni kweli, tumetoka mbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, kuvuka Rufiji kulitegemea pantoni ya Ndundu, na masika Kusini ilikuwa kama kisiwa. Lakini Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika, na mabasi yakakwama kwa siku kadhaa. Na hiyo ni barabara kuu. Seuze njia ya kijijini.

Fedha za ufuta ziliishia kwenye koleo na kamba. Masika hayo gari lilinasa mara tatu. Mara mbili mpwa wangu na utingo wake walijinasua wenyewe. Mara ya tatu, likiwa na mgonjwa ndani, walihitaji watu, nao wakaja na taa zao. Walikuta koleo ziko tayari, kamba imefungwa pazuri, na dereva amekwisha chimba mbele ya magurudumu yote manne. Wakavuta mara moja, likatoka. Hakuna aliyenung'unika, maana waliona kwamba mwenye shida alikwisha toa jasho lake kabla ya kuomba la wenzake.