Paa Hufuata Mvua: Tembe, Banio na Maji ya Usangu

Wachoraji wa majengo wakizungumzia nyumba inayooana na mandhari, mara nyingi humaanisha rangi ya ukuta, mawe ya hapo hapo na dirisha linalotazama bonde. Historia ya ujenzi huko Usangu, mkoani Mbeya, ambako Madibira imelala chini ya nyanda za juu za Iringa, inafundisha jambo la msingi zaidi: aliyejenga vizuri ni yule aliyeyajua maji kwanza, yanakuja lini na yanaondokaje. Ushahidi ni tembe. Wasangu, kama jirani zao Wahehe na Wagogo, walisimamisha nguzo zenye panda, wakalaza boriti, wakatandika fito na nyasi, kisha wakashindilia udongo juu mpaka paa likawa bapa. Kwa mbali nyumba ilionekana kama mkunjo wa ardhi yenyewe. Paa hilo hudumu pale tu mvua inapokuwa haba, na uwanda wa Usangu hupata kama milimita 700 kwa mwaka. Tukuyu, katika mkoa huo huo wa Mbeya, hupata zaidi ya 2,000. Huko udongo ungelowa na kuporomoka msimu wa kwanza, ndiyo maana Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na kuezeka nyasi kwa mwinamo mkali.

Wapo wanaosema tembe ilizaliwa na vita, wala si mvua: karne ya 19 ilikuwa ya watawala wapiganaji kama Merere wa Wasangu na Mkwawa wa Wahehe, na ua uliozungukwa na vyumba uliwalinda watu na ng'ombe. Ulinzi ulikuwepo, sikatai. Lakini Wanyakyusa nao walifuga ng'ombe na walivamiwa na Wasangu wenyewe, na bado hawakujenga tembe. Hofu ilikuwa moja, mapaa yakawa mawili. Pingamizi zito zaidi ni la afya. Tembe ilikuwa na giza na moshi, na papasi waliojificha kwenye sakafu na kuta walileta homa. Waliokimbilia bati hawakupotoka. Kilichostahili kubaki ni ile desturi ya kuanza na maji, si udongo juu ya paa.

Desturi hiyo ndiyo ninayoitafuta katika ujenzi mkubwa kuliko wote uliowahi kufanyika Madibira, yaani skimu ya mpunga ya takribani hekta 3,000 inayokunywa mto Ndembera. Banio linalochepusha maji ya mto, mifereji na majaruba ni usanifu kamili, tena uliobadilisha sura ya uwanda kuliko nyumba yoyote. Umelisha watu wengi, na anayeubeza hajui njaa. Ila mizani yake haiishii shambani. Ndembera huingia kinamasi cha Ihefu, na maji yake hutoka mahali pamoja tu, Ng'iriama, ambapo mwamba umekaa kama kizingiti cha mlango. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto Ruaha Mkuu hutiririka kupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Yakishuka chini yake, mto hukatika. Mabanio ya Usangu yote, ya Mbarali ya miaka ya 1970 na yaliyofuata, yako upande wa juu wa mto, kabla ya mwamba huo. Kwa hiyo anayechora banio jipya, au hata nyumba ya wageni kando ya mto, aanze kupima pale Ng'iriama. Tangu mwaka 1993, karibu kila kiangazi, maji ya Ihefu hushuka chini ya mwamba ule.