Kuiba Sifa Njema: Ulaghai wa Minada ya Mtandaoni na Barua Pepe Bandia, 1995–2015

Ulaghai wa mtandaoni huelezwa mara nyingi kama zao la teknolojia. Sehemu hii inapinga mtazamo huo: kinachoibwa kwanza si fedha, bali alama zinazomfanya mtu aaminike.

Mnada aliouanzisha Pierre Omidyar huko California mwaka 1995, ambao baadaye uliitwa eBay, uliwakutanisha watu wasiojuana. Mnunuzi alituma hundi kwa posta, kisha akasubiri mzigo. Mwaka 1996 uliwekwa utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kutathminiana hadharani. Utaratibu huo ulisaidia, lakini pia uliipa sifa njema thamani ya kuibwa. Aliyepata nywila ya muuzaji mwenye sifa safi alirithi, kwa usiku mmoja, uaminifu uliojengwa kwa miaka. Hapo ndipo wizi wa nywila ulipoungana na ulaghai wa mnada.

Mbinu ya kuiba nywila ilikwishazoeleka. Katikati ya miaka ya 1990 walaghai walijifanya watumishi wa America Online, wakiwataka wateja wathibitishe nywila zao. Mwaka 2000 ilionekana tovuti iliyoiga PayPal. Herufi ya mwisho ya jina iliandikwa kwa I kubwa badala ya l ndogo, na jicho halikuona tofauti. Barua iliyowapeleka watu huko iliwaambia kwamba wamepokea fedha. Si vitisho pekee vinavyonasa. Hata habari njema hunasa.

Mbinu ya mnada hasa ni ile ya "nafasi ya pili". Aliyeshindwa huandikiwa kwamba mshindi amejitoa, hivyo bidhaa ni yake akilipa haraka nje ya mnada. Miongozo mingi husisitiza makosa ya tahajia, kupita kiasi kwa maoni yetu. Dalili nzito zaidi ni kule kuhamishwa: mnunuzi hutolewa penye kumbukumbu na ulinzi, akapelekwa pasipo navyo. Mwenye shaka hafuati kiungo. Hufungua tovuti kwa anwani anayoijua mwenyewe.

Nchini Tanzania, baada ya M-Pesa kuingia mwaka 2008, ulaghai huu ulivua hata vazi la tovuti. Ujumbe mfupi unaoagiza kwamba "ile hela" itumwe kwenye namba nyingine humnasa yule ambaye kweli anadaiwa, tuseme kodi ya nyumba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Ujumbe huo, hata hivyo, haumtaji mtu yeyote. Jina hulijaza msomaji.